Kidepo au visiwa vya Ssese: watoto uwalee wapi?

Mdogo wangu ni muuguzi. Mwezi uliopita alinipigia simu saa nne usiku, na salamu hazijaisha akaniambia ana barua mbili za kazi. Moja ya Karenga, kaskazini kabisa mwa Karamoja, hapa hapa Uganda, mlangoni pa mbuga ya Kidepo. Nyingine ya kituo kidogo cha afya katika kisiwa cha nje cha Ssese, Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala. Aliomba sehemu zote mbili akitegemea kukosa moja. "Dada, wewe umekaa kote. Watoto niwapeleke wapi?"

Nimekaa kweli. Miaka mingi Apoka, makao makuu ya mbuga ya Kidepo, nikiwa mke wa askari wa wanyama. Baadaye mume wangu aliacha kazi, akaingia biashara ya mukene, dagaa wa ziwani, na kaka yake, tukahamia kisiwani miaka mitatu. Si Bugala, kisiwa kikubwa chenye feri, hoteli na mashamba ya michikichi. Kwetu kulikuwa kisiwa cha nje, cha boti ya mbao. Mtoto wetu wa kwanza alijifunza kutembea Kidepo, wa pili kisiwani. Salio la mdogo wangu liliisha kabla sijafika nusu ya jibu, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, nimeona niandike.

Wake ni wawili: mkubwa ana miaka saba, yuko P2, yaani darasa la pili, huko kwetu Bombo, na mdogo ana miaka miwili. Shikeni umri huo, maana nitaurudia.

Hakuna pori tupu

Watu wakisikia Kidepo, kilomita za mraba 1,442 za nyasi na milima mpakani mwa Sudan Kusini na Kenya, husema kule hakuna watu. Walikuwako. Waik waliwinda katika bonde lile mpaka lilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1962. Leo wako juu kwenye mlima Morungole, wanalima na kufuga nyuki, ng'ombe hawataki kwa sababu ng'ombe huleta wezi wenye bunduki. Ssese nayo iliwahi kuhamishwa watu. Malale iliua watu wapatao 250,000 Buganda na Busoga kati ya 1900 na 1920, na karibu mwaka 1909 serikali ya Waingereza ikawatoa wakazi visiwani. Msitu wa Bwindi, kusini magharibi, ni hivyo hivyo: wenyeji wake, Batwa, walitolewa mwaka 1991.

Nalitaja hili kwa sababu ya malezi. Anayehamia huko akidhani yeye ni wa kwanza huishia kuwafungia watoto ndani, na anayejua kuna wenyeji huenda kuwauliza. Mama mmoja Mdodoth aliyekuwa akituletea maziwa ndiye aliyenifundisha kukung'uta viatu vya mtoto kila asubuhi kwa ajili ya nge, na kumkataza kabisa kuingiza mkono chini ya jiwe. Ofisini hakuna aliyenieleza hayo. Nilipewa ufunguo na godoro.

Njia ya kutoka

Anayechagua baina ya sehemu hizi mbili huanza kwa kuuliza kupo vipi. Mimi ningeuliza kwanza mtu anatokaje usiku, mgonjwa mkononi.

Kidepo unatoka kwa barabara. Kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 500 kwa njia ya Gulu na Kitgum, na basi likiwa zima ni siku nzima. Hospitali tuliyoitegemea sisi ilikuwa Kitgum. Mvua za huko ni za msimu mmoja, Aprili mpaka Septemba hivi, na zikinyesha milimani, korongo ulilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu unalikuta jioni ni mto mwekundu. Mimba yangu ya kwanza nilihamia Kitgum mwezi mzima kabla ya siku zangu za kujifungua, nikapanga chumba, nikakaa nikihesabu nzi. Jirani yangu alipanga kufanya hivyo hivyo, lakini uchungu ukamwanza wiki mbili mapema. Gari lilisimama kando ya korongo kwa saa tano. Mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma, sisi wanawake wawili tukishika tochi za simu. Wote wazima, alhamdulillahi.

Lakini korongo lilishuka. Mito ya Karamoja hujaa kwa hasira, kisha hasira hupoa kwa saa chache.

Ziwa halina saa chache. Miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo wa kusini ukishika, unaweza kuketi mwaloni, boti zinapotia nanga, siku nzima ukiangalia upande wa Entebbe kama mtu anayeangalia mbinguni. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi na minne alipopata homa kali ya kutapika. Muuguzi alimchoma sindano ya mwisho aliyokuwa nayo, akatuambia tuvuke. Manahodha watatu walikataa, na walikuwa na haki: ni Agosti hiyo hiyo, mwaka 2023, ambapo boti iliyokuwa ikitoka visiwani kwenda Kasenyi, upande wa bara, ilizama, ikaua watu takriban 20, na ndani yake kulikuwa na magunia ya mkaa, vyakula na dagaa pamoja na watu. Tulingoja usiku mmoja na mchana mzima. Nilimpangusa mtoto kwa kitambaa mpaka vidole vikanyauka. Upepo ulilala magharibi, tukavuka gizani, akalazwa siku nne, akapona. Mpaka leo nikisikia mawimbi hata kwenye televisheni natoka chumbani.

Ndiyo, kuna feri. Ile kubwa ya Nakiwogo, Entebbe, huenda Lutoboka kwa saa tatu na nusu hivi, safari moja kwa siku. Ile ya Bukakata, upande wa Masaka, ni fupi na haina nauli. Zote mbili zinaishia Bugala. Ukipangiwa Bugala, punguza nusu ya hofu yangu yote, kwa sababu kuna barabara, umeme na kituo cha afya cha ngazi ya nne, ile iliyo chini kidogo ya hospitali. Ukipangiwa kisiwa cha nje, uliza jina la nahodha kabla hujauliza jina la mkuu wa kituo. Na koti la kuokolea la saizi ya mtoto linunue Kampala. Yale ya mwaloni ni ya wanaume wenye vifua vya kuvuta nyavu. Mtoto akivalishwa, kichwa kinazama ndani na koti linaelea juu.

Kwa mdogo wangu kuna tofauti moja inayombeba. Karenga kuna kituo cha ngazi ya nne, na yeye angekaa kwenye nyumba za wafanyakazi hapo hapo. Muuguzi hukaa karibu na dawa, mimi nilikaa karibu na tembo. Kisiwani yeye ndiye angekuwa yule muuguzi wa sindano ya mwisho, na mgonjwa akiwa mwanawe hakuna wa juu yake wa kumkimbilia.

Maji

Kidepo ni machache. Kuanzia Oktoba mpaka Machi bonde hukauka, maji yakabaki upande wa mto Narus, na ndiyo maana watalii hufurahi wakati huo: wanyama wote wamekusanyika hapo. Mama wa nyumbani hafurahi. Ni jerikani kwenye bomba la kupampu, foleni, mtoto mgongoni. Nilijifunza kuoga kwa lita tatu na kuogesha mtoto kwa moja na nusu, na maji hayo hayo yakapigia deki.

Kisiwani maji ni mengi mpaka yanachusha, na ndani yake mna kichocho. Konokono hukaa kwenye maji yaliyotulia penye majani, vijidudu hutoka kwao na kupenya ngozi ya anayeogelea au kufua. Mtoto haumwi siku hiyo. Anaumwa tumbo miezi mingi baadaye, anadumaa, na mwalimu anasema ni mzito darasani. Dawa ipo na hugawiwa shuleni, lakini akirudi majini kesho anaambukizwa upya. Nilichofanya ni kununua mapipa mawili, nikichota leo, tunatumia kesho kutwa, kwa sababu vijidudu hivyo vikikosa ngozi ya mtu hufa ndani ya siku mbili. Ya kunywa nachemsha. Ilifanya kazi mpaka mtoto alipoanza kukimbia.

Na mtoto wa miaka miwili anakimbia. Kutoka mlangoni kwetu mpaka ukingo wa maji zilikuwa hatua ishirini na sita, nilizihesabu. Apoka nilimwachia mtoto uwanja, jicho likiwa kwenye nyasi na vichaka tu. Kisiwani sikupika chakula kimoja nikiwa nimegeuza mgongo.

Wanyama, kwa kifupi

Kila mtu huanza na simba. Simba tuliwasikia, hatukuwa chakula chao. Shida yetu ilikuwa nyati wazee wanaolala nyuma ya vyoo, na tembo anayekuja kambini akinusa pombe ya mtama. Sheria ilikuwa moja: giza likiingia, ndoo ndani, mtoto ndani, hakuna mlango unaofunguliwa kwa ajili ya mpira uliosahaulika. Watoto huishika sheria hii haraka kuliko wageni kutoka Kampala. Nyoka ndio walioninyima usingizi, kwa kuwa dawa ya sumu yao haikai kila kituo. Kisiwani hakuna simba wala tembo, na bado niliogopa zaidi.

Nyumba

Nyumba za kambi za bati la duara wengi wenu mnazijua kwa jina lake la heshima: mama ingia pole. Ndogo, mlango mfupi, unainama kuingia hata kama wewe ndiye mwenye nyumba. Karamoja saa saba mchana bati lile ni sufuria. Tulihamishia maisha chini ya mti na ndani tukalala tu. Kisiwani tulipata chumba cha mbao, ukuta mmoja tukichangia na kibanda cha video. Mwanangu alijua milio ya bunduki za sinema kabla ya kujua kusema "shikamoo".

Jambo hili sikulitegemea kabisa: kisiwa cha mbali hakina upweke. Kina msongamano. Watu mia kadhaa wamebanana kwenye kipande cha mchanga, baa usiku kucha, wanaume wanaofuata samaki kisiwa hadi kisiwa na wake wa msimu. Nilikuwa mbali na hospitali, shule na ndugu, lakini ukuta wa jirani ulikuwa sikioni pangu. Baada ya jeshi kuanza kusimamia uvuvi mwaka 2017, kulikuwa na asubuhi mwalo mzima uliamka kwa mayowe ya nyavu haramu kuchomwa, na mtoto akiona baba wa rafiki yake anakimbia porini. Kwa binti aliyevuka miaka kumi na miwili mimi sipendekezi hata kidogo, na hapo sitaki mjadala. Pesa ya samaki hulipwa taslimu jioni, na wenye pesa hiyo hawana mama zao karibu.

Kidepo upweke ni upweke halisi. Wanawake tulikuwa watano kambini, na ukigombana na wawili umebaki na dunia ya watu wawili. Mume anaondoka doria siku kumi. Mtandao wa simu unaupanda kilimani kama unavyopanda mti. Kuna jioni nilizungumza na sufuria. Lakini watoto? Watoto walikuwa matajiri. Walijua nyayo za pundamilia na za kongoni, walijua mawingu yapi yana maji. Niliyemwonea huruma nilikuwa mimi mwenyewe, na ninawashauri akina mama msidharau hilo: mtoto anayelelewa na mama aliyechoka kunyamaza, huona.

Usalama pia useme ukweli wake. Karamoja milio ya bunduki si ya sinema tu. Operesheni iliyoanza Julai 2021, yenye jina la lugha yetu kabisa, Usalama kwa Wote, ilikusanya silaha nyingi, na wizi wa ng'ombe bado haujasahaulika. Familia ya muuguzi isiyo na ng'ombe haiwindwi. Lakini barabarani uliza kwanza, kila safari.

Shule

Hapa kisiwa kinapata alama. P1 mpaka P3 mtaala wa Uganda hufundisha kwa lugha ya mahali, Kiingereza kikishika P4. Mtoto wa Bombo anajua Luganda ya mtaani, basi Kalangala anaketi darasani na kuelewa siku ya kwanza. Karenga ataingia katika Ng'akarimojong asiyoijua hata neno. Wangu wa kwanza alianza P1 hivyo, akalia wiki tatu, mwezi wa nne akaja na nyimbo nisizozielewa mimi. Mtoto wa miaka saba atalia zaidi kidogo, lakini ataishika.

Kiswahili chetu kinafanya kazi pande zote mbili kwa njia tofauti. Karamoja ni lugha ya askari, madereva na wafanyabiashara. Mwaloni unakikuta kwa wavuvi waliotoka Kenya na Tanzania. Serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini hadi leo sijakutana na mwalimu wa pembezoni aliyepewa hata kitabu kimoja cha kukifundishia.

Kinachonifanya nisiipe Kalangala ushindi ni kile kinachomtoa mtoto darasani. Mwaloni ni mukene. Siku ya jua kali kila mkono unahitajika kuanika, mtoto wa P4 analipwa noti yake, na kitabu hakilipi. Karamoja ni mifugo na njaa, ila shule hupika: uji au posho (ugali) na maharage ya msaada umewaleta wengi darasani na kuwaweka, na mtoto wa mfanyakazi anakula sahani moja na wenzake. Wakati wa corona, shule zilipofungwa tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, tulikuwa Kidepo na mwanangu alisoma kwangu, chini ya mti, kwa redio na daftari. Hakurudi nyuma sana. Yule wa jirani kisiwani, kama alivyonisimulia mama yake baadaye, alirudi shule akiwa tayari mvuvi.

Kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mimi nasema wazi, sehemu zote mbili hazitoshi. P5 ikikaribia, tafuta bweni au ndugu.

Pesa

Wafanyakazi wa serikali katika maeneo magumu kufikika huongezewa asilimia 30 ya mshahara. Isikubabaishe. Itaishia kwenye nauli za dharura, sola, na bei ya sabuni iliyovuka ziwa. Kisiwani samaki ni rahisi na kila kitu kingine ni ghali. Karenga maziwa na mtama vipo msimu mzuri, na kati ya Mei na Julai, kabla ya mavuno, hata mwenye pesa hukosa cha kununua, hivyo weka gunia la unga wa posho ndani mwezi wa Machi.

Na Bwindi je? Na baba kwenda peke yake?

Wengine wananiuliza Bwindi. Sijaishi huko, nimekaa wiki chache kwa shangazi wa mume wangu, kwa hiyo sitajifanya mjuzi. Ni baridi, milima inamaliza magoti, nyani wanakula mahindi. Lakini upande wa Buhoma, Kanungu, kuna hospitali iliyoanzia chini ya mti mwaka 2003, na vijiji vimeshikana mpaka ukingo wa msitu. Mwenye mtoto mchanga na mwenye uhuru wa kuchagua popote aanzie huko. Na popote aendako afuate kalenda ya chanjo, pamoja na ile ya malaria iliyozinduliwa Aprili 2025 kwa wilaya zenye malaria nyingi, ya miezi 6, 7, 8 na 18. Dozi ya nne ndiyo watu wa mbali huisahau.

Kuhusu mmoja kwenda peke yake na familia kubaki mjini: askari wengi wa wanyama huishi hivyo. Wanakuja likizo, mtoto anamwamkia baba kama mgeni, na baba anatoa amri za kambi kwenye nyumba iliyokwisha kujipangia sheria zake. Kwa mwaka mmoja inawezekana. Mdogo wangu alipendekeza aende na mdogo, mkubwa abaki kwa bibi Bombo mpaka amalize P3 kwa Luganda yake. Nilimkatalia. Miaka saba ni umri wa kujifunza lugha ya nne, na si umri wa kuachwa na mama kwa ajili ya lugha ya tatu.

Basi nilipompigia tena nilimwambia: Karenga, na wote wawili. Kama barua ya Kalangala ingetaja Bugala, na kama huyu wa miaka miwili angekuwa na sita, ningesema vingine. Aende Januari, barabara ikiwa kavu, wiki ya kwanza apeleke salamu kwa mama wanaoleta maziwa, na P5 ya mkubwa aanze kuitafutia pesa leo.

Alinyamaza, kisha akasema anampa simu shemeji. Shemeji ni fundi wa kuchomelea. Alitaka kujua kama kule watu wanatengeneza mageti. Nikamwambia wanatengeneza sana, ila ya miiba.